Bi Mwaija na Visigino vya Watoto wa Watu

Mwaija binti Mbaruku hakuwa mtu wa kuomba radhi, na mtaa wake pale Bagamoyo unalijua hilo. Akikukanyaga njiani anakuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale. Marehemu mumewe aliishi naye miaka thelathini na tatu, akafa hajalisikia neno nisamehe likitoka kinywani mwake, na si kwamba sababu hazikuwepo. Ndivyo alivyoumbwa. Shule alikwenda madarasa mawili, akajua kuandika jina lake na kusoma kibao cha dukani. Mengine yote aliyasoma kwa vidole.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompa heshima. Mama yake, Bi Dija, alikuwa mkunga, na yeye akaachiwa kazi hiyo kama mwingine anavyoachiwa shamba la minazi. Tangu ana miaka ishirini na nne mpaka leo sabini na tatu, amekanda matumbo ya wajawazito hata hesabu yake haijui. Mwanamke kiuno kimemkamata, au ameambiwa mtoto amekaa vibaya, basi anachukua kichupa cha mafuta ya nazi na kanga mbili, anapiga hodi kwa Bi Mwaija, anaingizwa chumba cha uani, analazwa mkekani. Siku hizi kuzaa ni hospitali, na hilo Bi Mwaija alilikubali kwa kununa. Kukanda ndiko alikokataa kuacha.

"Kuzalisha wamechukua, haya, nawaachia," alikuwa akisema. "Lakini kukanda kunataka vidole. Wao wana karatasi."

Sasa alikuwa na ufundi mmoja ambao hakufundishwa na mtu. Aliuzua mwenyewe, na ndio aliojivunia kuliko yote. Mwanamke akija na hofu kwamba mtoto tangu jana hachezi, badala ya kumwambia akimbilie hospitali, Bi Mwaija anapapasa tumbo taratibu, macho ameyafumba, mpaka anakipata kisigino cha mtoto, kile kidude kigumu kinachojitokeza kama korosho chini ya kitambaa. Akishakipata anakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya ngozi ya mama, halafu anafinya. Anafinya kweli, si mchezo. Mtoto anauvuta mguu kwa ghafla, tumbo zima linaruka, mama anaangua kicheko, hofu yote imemtoka.

"Umemwona? Yumo," Bi Mwaija husema. "Mvivu tu huyu, alikuwa amelala."

Wanawake walimpenda kwa hilo. Harusini, wakipika, waliulizana wako alifinywa mara ngapi. Watoto wenyewe walipokua walitaniwa, fulani ana mbio kwa sababu Bi Mwaija alimwamsha mapema, fulani mzito wa kuelewa, huyo alisahauliwa kufinywa. Na mtu akiuliza kama mtoto haumii, jibu alikuwa nalo tayari, la mama yake. Maumivu, alisema, huingia mwilini pamoja na pumzi ya kwanza. Aliyemo tumboni havuti pumzi, kwa hiyo maumivu hayana pa kupita. Mbona mtoto akitoka tu analia? Ndiyo hayo yameingia. Hakuna aliyepata kumshinda kwa hoja hiyo, na yeye hakuona sababu ya kuifikiria zaidi, mpaka ilipofika zamu ya mjukuu wake.

Mjukuu mwenyewe anaitwa Adila, mtoto wa binti yake aliyefariki. Bi Mwaija amemlea tangu ana miaka sita. Ameolewa na Haidar, fundi wa kuchomelea mageti, kijana mpole, na wanakaa vyumba viwili vya uani katika nyumba hiyo hiyo ya bibi. Mimba ilikuwa ya kwanza. Ilipoingia mwezi wa nane Adila alikwenda kliniki, akarudi na maneno kwamba mtoto ametanguliza matako, ila muda bado upo, anaweza kugeuka mwenyewe, na kwamba asikandwe.

"Asikandwe na nani?" Bi Mwaija akauliza.

"Na mtu yeyote, bibi."

"Mimi ndiye mtu yeyote?"

Adila akakunja kadi ya kliniki. Haidar, aliyekuwa ananawa mikono bombani, akajaribu bahati yake. "Bibi, si tusubiri tu hizo wiki mbili walizosema?"

"Wewe baba kachomelee mageti. Nikiona geti limekaa vibaya nitakuita."

Alhamisi alasiri akamlaza mkekani. Adila hakutaka, lakini amekua mikononi mwa bibi yake na kumkatalia hakujui. Bi Mwaija akapaka mafuta, akaanza kusukuma, mkono mmoja juu, mwingine chini, kama alivyofanya miaka yote. Mtoto hakugeuka. Akasukuma tena. Adila akasema, "Bibi, naumia," naye akamjibu, "Kaza moyo," kwa sauti ile ile anayowaambia wote. Mtoto akabaki vile vile. Hapo kikamwingia kitu ambacho baadaye alikuja kukiita kwa jina lake, kiburi, lakini siku ile alikiita kazi. Aligeuza watoto wa watu kutoka Kaole mpaka Mlingotini, iweje kitukuu chake mwenyewe kimshinde ndani ya nyumba yake? Akasukuma mara ya tatu kwa uzito wa mwili wote. Halafu, kwa hasira kabisa, akakitafuta kisigino akakifinya. Mtoto akauvuta mguu. Akamfinya tena.

"Bibi, unamwumiza."

"Anaumizwa nini? Huyu hana pumzi."

"Chuo cha Kurani tulifundishwa roho hupulizwa mimba ikitimia miezi minne," Adila akasema, jasho linamtoka. "Chenye roho si kinaumia?"

"Roho ni roho, maumivu ni maumivu. Usinichanganyie mambo, geuka ubavu."

Jumamosi asubuhi Adila aliamka na damu. Haidar akaita bajaji, wakamkimbiza hospitali, na kabla ya adhuhuri alishapasuliwa. Kondo la nyuma lilikuwa limeanza kuachia. Mama mzima, alhamdulillahi, na mtoto mzima, wa kiume, kilo moja na gramu mia saba, amewekwa wodi ya watoto njiti pamoja na wenzake waliokuja kabla ya siku zao.

Wodi hiyo, na ile ya mama zao, alikuwa akiziangalia muuguzi mmoja mtu mzima, Klementina, Mkristo, mwenyeji wa Morogoro, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti. Siku ya pili akaja kitandani kwa Adila na faili lake. Akamwamkia Bi Mwaija shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Adila, nikuulize, na usiogope. Kuna mtu alikukanda tumbo siku hizi za karibuni?"

"Hapana, sista."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Siulizi ili nimgombeze mtu. Kondo linaweza kuachia lenyewe tu, na linaweza kuachia kwa kukandwa. Tukijua, tutajua namna ya kukuangalia ukipata mimba nyingine. Tusipojua, tutakuwa tunabahatisha."

"Hakuna mtu, sista," Adila akasema, akageuza uso ukutani.

Bi Mwaija alikuwa amesimama palepale na chupa ya uji. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu, nilimkanda mimi. Yalimfika kwenye meno. Akafungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, akaupuliza ingawa haukuwa wa moto. Klementina akaandika kitu, akaenda zake. Adila akanywa uji bila kumtazama bibi yake, na bibi akasuuza kikombe muda mrefu kuliko inavyohitajika kusuuza kikombe. Hakuzoea kufichwa. Yeye ndiye aliyekuwa akificha watu, wanawake wamekimbia vipigo wakajisitiri kwake, na mwanamume hathubutu kupita mlangoni. Leo amejificha nyuma ya mtoto aliyepasuliwa, mtoto mwenyewe anadanganya kwa ajili yake, na anadanganya juu ya tumbo lake mwenyewe. Aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Watoto njiti hawaachwi kitandani hivi hivi. Wanafungwa kifuani pa mtu, ngozi kwa ngozi, wenyewe wanaita kangaruu, mtoto apate joto. Adila kwa kidonda chake hakuweza kukaa muda mrefu, kwa hiyo Klementina akamuuliza Bi Mwaija kama atashika zamu. Alikubali haraka kabla sentensi haijaisha. Akaoga, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko kama alivyoelekezwa, akakaa kwenye kiti, akafungwa kitukuu chake kifuani kwa kanga. Kilikuwa chepesi kama kifaranga. Akajisemea, haya, nimemfidia.

Siku ya tatu ya zamu yake, asubuhi, Klementina akaja na kisahani chenye pamba na kisindano kidogo.

"Bibi, nataka kumpima sukari. Mwache hapohapo kifuani, usimtoe. Akiwa kifuani pa mtu maumivu yanapungua."

"Maumivu gani, sista? Huyu si hajatimia bado?"

"Hajatimia. Ila anaumia."

"Huyu alitakiwa awe tumboni mpaka sasa."

"Ndiyo. Wewe mtazame uso," Klementina akasema. Akamdondoshea mtoto tone la maziwa ya mama yake mdomoni, akautoa mguu mmoja nje ya kanga, akapangusa kisigino kwa pamba, akachoma.

Bi Mwaija aliutazama uso. Nyusi zikakunjana, macho yakabanwa, mdomo ukafunguka mraba, na kabla sauti haijatoka mguu ukavutwa. Ukavutwa kwa ghafla, goti likaja mpaka tumboni, vidole vikajikunja. Halafu ndiyo kilio, chembamba, kama cha paka mchanga.

Kilio hakikumshtua. Amesikia vilio vya kila namna. Kilichomshtua ni ule mguu. Ule mvuto aliujua. Aliujua kuliko anavyoijua njia ya kwake, maana ameusikia chini ya vidole vyake mamia ya mara, ndani ya matumbo ya wanawake wa Bagamoyo, na kila mara aliusikia akacheka, na mama akacheka, na yeye akasema mtoto anacheza. Ulikuwa mvuto uleule, na huyu hakuwa anacheza.

Akaurudisha ule mguu ndani ya kanga, akaufunika polepole. Klementina akadhani amechoka.

"Nikuulize, sista," Bi Mwaija akasema baada ya mtoto kunyamaza. "Huyu angekuwa bado ndani, ukamchoma vile, angeumia?"

Klementina akaandika kwanza kiwango cha sukari. "Sijui, bibi."

"Umesoma, hujui?"

"Waliosoma kuliko mimi wanabishana. Miezi ya mwanzo, wengi wanasema hapana, mishipa ya kichwani inakuwa bado haijaungana. Hii ya mwisho ndiyo yenye ubishi. Wapo wanaosema anahisi kama huyu unayemwona, na wapo wanaosema mtoto tumboni yuko kama usingizini, hata mguu ukiruka yeye mwenyewe hana habari. Hakuna aliyeingia akarudi akatuambia."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nikishika tumbo la mtu nashika kama anayehisi. Nikiwa nimekosea sijamdhuru mtu."

Akaenda kwa mtoto mwingine. Lakini hilo neno sijui lilimkaa Bi Mwaija vibaya kuliko ndiyo. Angeambiwa ndiyo angebisha, kubisha anakujua. Angeambiwa hapana angekwenda zake nyumbani. Sasa mwanamke aliyesoma miaka yote ile anasema hajui, na yeye wa madarasa mawili alijua, akajua kwa miaka arobaini na tisa, akafinya.

Zamu ilipokwisha akaenda kukaa nje kwenye benchi la wanaosubiri dawa. Watu walikuwa wanapita. Akajikuta anatazama miguu. Kijana wa bajaji akapita na kandambili, yule alimfinya, mama yake alikuwa na presha. Yule muuza ndizi, alimfinya. Mwalimu wa chuoni, na kanzu yake na makubadhi yake safi, alimfinya mara mbili kwa sababu mama yake alipenda kuonyesha mashoga zake. Wote wakamwamkia, "Shikamoo Bi Mwaija," naye akawa anaitikia marahaba huku anatazama chini kwenye visigino vyao vyenye nyufa na vumbi, na hakuna hata mmoja aliyejua amesalimia nani. Akavuta kanga akajifunika mpaka paji la uso kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa, Mgeni alikuja na wali wa nazi na samaki. Mgeni ni jirani na shoga yake wa tangu ujana, mwanamke mwenye mwili na sauti, akiingia wodini wagonjwa wote wanajua kuna mtu amekuja. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Adila, akafungua vyombo, akaanza.

"Pole mwanangu. Wamekuchana, eh? Bure kabisa. Na nyumbani kuna fundi."

"Mgeni," Bi Mwaija akasema.

"Niache niseme." Klementina alikuwa ameinama kitanda cha jirani anabadilisha bandeji, na Mgeni akaipandisha sauti ili imfikie. "Sista, samahani mwanangu. Huyu bibi unayemwona hapa, mngemwachia amkande mjukuu wake, huyu mtoto asingeguswa na kisu. Mimi Amiri wangu alikuwa amekaa upande, kama mtu kalala kwenye jamvi. Huyu akamweka sawa kwa mkono. Mmoja tu."

Wanawake vitandani wakacheka. Mmoja akasema, "Hata mimi alinikanda, Bi Mwaija mkono wake una dawa."

"Umesikia?" Mgeni akasema. "Lakini ninyi mmemkataza mtoto wa watu asikandwe, sasa matokeo yake ni haya."

Adila alikuwa ameshika kijiko hajakipeleka mdomoni. Bi Mwaija akaona kwamba mlango mwingine umefunguliwa wa kupita, mpana kuliko ule wa kwanza. Hatakiwi hata kusema uongo. Anyamaze tu, acheke kidogo, asifiwe. Akaona vilevile kwamba akipita hapo hatarudi tena.

"Nilimkanda," akasema.

"Nani?" Mgeni akauliza, bado anacheka.

"Adila. Alhamisi. Walimkataza, na mimi nikamkanda." Alikuwa anamwambia Klementina lakini macho yake yalikuwa kwenye sakafu. "Sista, mtoto alikudanganya kwa ajili yangu. Usimwandike vibaya."

Klementina akamaliza kufunga bandeji, hakuharakisha, akaja na faili.

"Alhamisi saa ngapi, bibi?"

"Baada ya alasiri."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka karibu na magharibi."

"Ulitumia nguvu?"

"Nilitumia. Mara ya tatu nilimlalia kabisa. Alisema anaumia nikamwambia akaze moyo."

Klementina akaandika. Bi Mwaija alijibu kila swali kama mtoto anayesikilizwa juzuu, na kila jibu lilimpunguza kimo. Halafu akasema lile ambalo hakuulizwa.

"Na kisigino nilimfinya."

"Ulimfinya Adila?"

"Mtoto. Nilimfinya akiwa ndani, mara mbili. Kwa hasira."

Mgeni akajaribu kucheka. "Si ndiyo ile yake, sista, tumefinyiwa wote, ni mchezo tu ule..." Kicheko kikamkatikia njiani, maana aliona uso wa mwenzake, na uso ule hakupata kuuona miaka yote waliyojuana. Yule mgonjwa aliyesema mkono una dawa akavuta shuka.

Klementina akafunga faili. "Ahsante, bibi. Siwezi kukuambia kwamba ni hilo lililofanya, wala siwezi kukuambia silo. Ila sasa tunajua la kuangalia."

Hakuna aliyemgombeza. Angegombezwa angepata la kujibu. Mgeni akakusanya vyombo vyake kabla wali haujaisha, na alipopita karibu yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Umejivua nguo mbele ya watu, Mwaija, na sisi umetuvua."

Adhuhuri ilipofika, Bi Mwaija alinawa mikono mpaka viwiko, akasimama mlangoni kungoja zamu yake. Adila alikuwa ameshuka kitandani mwenyewe, ameinama kwa kidonda, anashika ukuta.

"Leo hapana, bibi. Nitambeba mimi."

"Kidonda chako."

"Nitambeba mimi."

Bi Mwaija akampisha. Siku ile na ya pili yake alileta uji, akafua, akakaa nje. Haidar alimletea kiti akakataa, akakaa chini. Siku ya tatu Adila akamwita. Mtoto alikuwa kifuani pake, kichwa tu kinaonekana, na mama alikuwa amekonda.

"Sista ameniambia ulimuuliza kama mtoto aliumia," Adila akasema.

"Nilimuuliza."

"Ni vizuri umeuliza." Akamweka sawa mtoto. "Lakini mimi nilikwambia kwa mdomo wangu, bibi. Si mara moja. Mimi nina pumzi, na nina sauti, na nilikuwa nakutazama usoni. Mbona mimi hukuniuliza?"

Bi Mwaija akaketi chini, karibu na miguu ya kitanda. Ndipo akalisema lile neno, akalisema vibaya, kama mtu anayesoma kibao cha mji asioujua.

"Nisamehe, mama."

Adila hakulia, wala hakumkumbatia. "Nimesikia, bibi," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Kesho saa nne nina zamu ya kusafishwa kidonda. Uje umshike."

Akaenda akamshika. Alikaa wima saa nzima, viganja vimelala juu ya mapaja, kanga ndiyo iliyombeba mtoto. Klementina alimwonya mapema kwamba akirudi nyumbani mtoto asikandwe wala asinyooshwe viungo, naye akaitikia haya, bila nyongeza.

Wakaruhusiwa baada ya wiki tatu, mtoto amefika kilo mbili na kitu, anaitwa Ramadhan. Wanawake walianza tena kuja barazani na vichupa vyao, kwa sababu maneno ya wodini hayakufika kila mahali, au yalifika yakapuuzwa. Bi Mwaija aliwarudisha kliniki, wengine aliwasindikiza mwenyewe kwa miguu, wakimnung'unikia njia nzima kwamba amekuwa mzee, amepoteza vidole. Hakubisha. Lakini swali la Adila halikumwacha alale. Watoto aliowafinya hakuweza kuwauliza, hakuna anayekumbuka alikotoka. Mama zao wengi walikuwa hai.

Basi asubuhi moja akajifunga kanga, akaanza na aliye karibu. Mgeni alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Tangu siku ile ya wodini hawakusemezana zaidi ya salamu.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja kunitangazia lipi tena?"

"Nimekuja kuuliza," Bi Mwaija akasema, amesimama. "Nilipokukanda mimba ya Amiri. Uliumia?"

Mgeni akaendelea kuokota vijiwe, kimoja, kingine, akavitupa pembeni. "Miaka thelathini na tano hiyo, Mwaija."

"Najua. Uliumia?"

"Nilitafuna ncha ya kanga mpaka ikatoboka."

"Mbona hukusema?"

"Ningekwambia wewe?" Mgeni akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nani alikuwa anakwambia wewe kitu?"

Kuku akaja kudonoa ungoni, Mgeni akamfukuza kwa kiganja.

"Na nilipomfinya?"

"Aliruka. Nilishtuka, nikataka kukushika mkono. Wewe ukacheka, na mimi nikacheka kwa sababu umecheka." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa basi, jua linakupiga."

"Nikikaa sitainuka," Bi Mwaija akasema. "Bado sijamuuliza Mwajabu, na wale wa Kaole sijawafikia." Akajitanda kanga vizuri, akaaga, akatoka.